HAKI YA MTOTO MCHANGA KATIKA CHAKULA

Baadhi ya watafutao ukweli hutuuliza: Je, dini ina shughuli gani na uji wa mtoto? Hudhani ya kwamba dini yahusu sala na saumu tu, na mambo ya jikoni yaachiwe akina mama na waganga. Jibu letu ni kwamba Islam haikuliacha jambo hili gizani. Kurani Tukufu, katika Sura Al-Baqara aya ya 234, yaweka muda wa kunyonyesha kuwa miaka miwili kwa wanaotaka kuutimiza, na papo hapo yamtwika baba wajibu wa kumlisha na kumvika mama anyonyeshaye. Tena yaeleza kwamba wakitaka kumwachisha mtoto ziwa mapema, iwe kwa ridhaa na mashauri ya wote wawili.

Tazameni hekima iliyomo. Amlishaye mama amemlisha mtoto. Kwa hiyo mume anayekula nyama na kumwachia mkewe mchuzi mtupu amepunguza haki ya watu wawili, na mmoja wao hawezi hata kusema.

Kisa cha Sayyidna Umar r.a.

Imesimuliwa katika historia ya Islam kwamba Sayyidna Umar r.a., Khalifa wa pili, aliweka posho kutoka hazina ya umma kwa kila mtoto aliyekwisha achishwa ziwa. Usiku mmoja, alipokuwa akilinda msafara uliofika Madina, alisikia mtoto akilia bila kunyamaza. Alimwendea mama yake mara kwa mara, na mwishowe mama huyo, bila kumtambua, akamwambia kwamba anamlazimisha mtoto aache ziwa kwa sababu Umar hawapi posho wanaonyonya. Khalifa alisalisha sala ya Alfajiri huku akilia hata watu hawakuyafahamu vema masomo yake. Kisha akatangaza kwamba kila mtoto atapata posho tangu siku ya kuzaliwa, na wazazi wasiharakishe kuwaachisha.

Hakumlaumu mama maskini. Aliitazama kwanza amri yake mwenyewe, akaona kwamba ndiyo iliyomwondoa mtoto kifuani, akaibadili siku ile ile.

Karne nyingi baadaye elimu ya utabibu ilishuhudia hatari hiyo hiyo. Mwaka 1935 Daktari Cicely Williams, aliyehudumu katika Gold Coast, yaani Ghana ya leo, aliutangazia ulimwengu ugonjwa uitwao kwashiorkor. Jina hilo ni la lugha ya Kiga, nalo lahusu ugonjwa umpatao mtoto anapoondolewa ziwani kumpisha mdogo wake, akalishwa uji wa mahindi mtupu.

Ghala limejaa, mtoto amedumaa

Wengine husema: Sisi ni maskini, tufanye nini? Kweli umaskini ni mzigo, na mwenye nacho ataulizwa juu ya jirani yake mwenye njaa. Lakini si kila mtoto adhoofikaye amekosa chakula nyumbani. Mkoa wa Iringa, Tanzania, wajulikana kwa mahindi; hata hivyo uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watoto wake walio chini ya miaka mitano wamedumaa.

Mkoa huo huo ulikwisha onyesha njia. Mwaka 1983 serikali, pamoja na UNICEF na Shirika la Afya Ulimwenguni, kwa msaada wa Italia, ilianza kazi katika vijiji 168. Watoto walipimwa uzito kijijini mbele ya wazazi wao, kisha wanakijiji wakashauriana kwa nini huyu ameongezeka na yule amepungua. Ilionekana kwamba watoto wengi walikula milo michache tu, sawa na watu wazima, na uji wao ulikuwa maji mengi na unga kidogo. Katika miaka mitano utapiamlo mkali ulipungua kwa zaidi ya nusu.

Basi wazazi na wafahamu haya. Miezi sita ya kwanza maziwa ya mama yatosha peke yake. Baada ya hapo mtoto aendelee kunyonya na apewe chakula laini mara mbili au tatu kwa siku, na tangu miezi tisa mara tatu au nne, kwani tumbo lake ni dogo. Uji uwe mzito, utiwe karanga zilizosagwa zisizo na ukungu, au maharage yaliyopondwa, au dagaa, au yai, na mafuta kidogo. Ukiwa mzito mno, kijiko cha kimea cha ulezi huulainisha bila kuongeza maji. Kisha uchemshwe tena. Mboga za majani na papai havihitaji utajiri.

Wajibu wetu

Katika Sura Bani Israil, aya ya 32, Mwenyezi Mungu amekataza kuwaua watoto kwa kuogopa umaskini, na ameahidi kuwaruzuku wao na sisi. Msidhani kwamba aya hii yawahusu Waarabu wa zamani tu. Mwenye fedha za kahawa na sigara, lakini akaona yai la mtoto ni gharama, na aitafakari upya.

Seyidna Ahmad a.s., Masihi Aliyeahidiwa, ameweka katika sharti la tisa la baiati kwamba mtu atumie nguvu na neema alizopewa na Mungu kuwafaidia viumbe Wake. Ndugu uliyeingia karibuni katika Jumuiya, usingoje mali nyingi ndipo ulitimize. Anza kwa kuuliza leo: Mwanangu amekula mara ngapi? Na mtoto wa jirani yangu je?

Mwenyezi Mungu atujalie kuzitambua haki za wadogo wasioweza kuzidai. Amin.