Mwili Husahau

Kijana mmoja, mzaliwa wa Ifakara, alikuwa ameishi Birmingham miaka 12 alipopigiwa simu usiku kwamba mama yake amefariki. Alfajiri akakata tiketi, na kesho yake akashuka Dar es Salaam na kupanda basi la kwenda bonde la Kilombero.

Ulikuwa mwezi wa Aprili. Masika yalikuwa yamejaza majaruba ya mpunga hadi nyuma ya nyumba, na jua likizama mbu walivuma kila kona. Wanaume walilala matanga uani, juu ya majamvi. Kijana naye akakesha nao kwa shati la mikono mifupi, usiku wa kwanza, wa pili na wa tatu.

Shangazi yake alimtandikia kitanda ndani. Akateremsha chandarua na kuchomeka ncha zake chini ya godoro kwa mkono wake mwenyewe.

"Baba, njoo ulale huku. Umekaa ugenini siku nyingi, mwili ushasahau."

"Shangazi, mimi si mtoto wa hapahapa? Malaria nimeugua tangu sijaota meno. Itanifanya nini leo?"

"Itakufanya inavyomfanya mtoto mchanga."

Hakuingia. Vidonge vya kinga pia hakuwa amenunua, kwa kuamini kwamba hivyo ni vya Wazungu wanaokwenda kuangalia simba.

Aliporudi Birmingham, haikupita wiki mbili homa ikampanda. Akasema ni mafua na uchovu wa msiba. Akameza paracetamol, homa ikashuka, akaenda kazini. Usiku ikarudi na baridi ya kutetemesha kitanda. Siku ya nne mkewe alimkuta anaweweseka, macho ya manjano, mkojo mweusi kama kahawa. Hospitali walipima damu, wakakuta vimelea vimejaa. Wakamchoma sindano za artesunate, wakamuunganisha na mashine ya figo. Walikuwa wamechelewa kumpata. Arobaini ya mama haijafika, majamvi yakatandikwa tena uani.

Shangazi hakusomea udaktari, lakini alilosema ni kweli tupu. Anayekulia penye malaria hujijengea kinga kidogo kidogo kwa kuugua mara kwa mara. Kinga hiyo haizuii ugonjwa, ila hupunguza makali yake, tena hudumu maadamu mbu wanaendelea kumuuma. Akihama miaka michache, hupungua. Ndiyo maana Uingereza wengi wanaokutwa na malaria ni watu waliokwenda kwao kuwaona ndugu. Hata aliyekulia kwenye baridi ya Makete, akishuka Kilombero au Kigoma, ni mgeni.

Basi, ndugu msafiri, kabla ya kuondoka mwone daktari akuandikie dawa ya kinga inayokufaa, hasa kama una mimba au unasafiri na watoto. Imeze hadi mwisho, hata ukiwa umesharudi: doxycycline huendelea wiki 4 baada ya kutoka penye malaria, na atovaquone-proguanil siku 7. Ukiikatiza mapema, vimelea ulivyobeba hupata nafasi. Mbu wa malaria huuma tangu magharibi hadi alfajiri. Saa hizo vaa mikono mirefu na ujipake dawa ya kufukuza mbu, hata kama uko msibani. Hakuna mfiwa atakayekulaumu kwa kulala ndani ya chandarua chenye dawa.

Na homa ikikupata baada ya safari, hata kama ni miezi mitatu imepita, usiipoze kwa paracetamol ukasubiri kesho. Malaria kali huweza kumwangusha mtu ndani ya siku moja. Nenda hospitali saa hiyohiyo, na usingoje kuulizwa. Mwambie daktari: "Nimetoka penye malaria, nipime damu."