Tija kwa Mizani ya Nani?

Kauli iliyonitia uchungu niliisikia ukumbini Dar es Salaam, kwenye mjadala wa uchumi ambao wasemaji walikuwa wasomi na sisi wasikilizaji tulikuwa tumeshiba. Mchumi mmoja, kijana mwenye ufasaha, alisema wakulima ni karibu theluthi mbili ya nguvukazi ya Tanzania ilhali kilimo kinaleta takriban robo tu ya pato la taifa. Akanyamaza kidogo, kisha akamalizia: kwa hesabu tupu, bila chuki, mkulima anabebwa. Ukumbi ukapiga makofi.

Siku chache kabla ya hapo nilikuwa mkoani Njombe, nimesimama kando ya shamba la viazi mviringo, namtazama mama mmoja akiuza mavuno yake. Dalali alikuja na magunia yake mwenyewe. Gunia likijaa, wapakiaji hawakulishona. Walilitikisa viazi vishuke, wakalivika wavu mdomoni, wakaongeza vingine mpaka kikasimama kichuguu, ndipo wakakaza kamba huku mmoja amelikanyaga gunia kwa mguu. Hiyo ndiyo lumbesa. Sheria ya Vipimo inakataza kufungasha mazao kupita kilo 100 kwa gunia, na pale hapakuwa na mtu asiyeijua sheria hiyo. Mzani ndio haukuwepo. Mama alipolalamika aliambiwa kwa upole kabisa, "Mama yangu, kama hutaki, subiri gari jingine." Viazi vikishachimbwa havisubiri gari jingine, na dalali analijua hilo kuliko yeyote. Mama akalipwa kwa gunia.

Maana ya kilimo, ya ukuaji wa uchumi na ya pato la taifa nawaachia walimu wa kidato cha tano, hatugombanii hapo. Hata kazi ya kilimo katika nchi changa ilishaorodheshwa na wachumi Johnston na Mellor mwaka 1961: chakula, fedha za kigeni, nguvukazi na mtaji wa kuanzishia viwanda, soko la bidhaa za viwanda hivyo. Ninachogombania ni fikra iliyojificha chini ya kauli ya yule kijana, kwamba mchango wa mtu unaweza kusomwa kwenye bei aliyolipwa.

Tuikague taratibu. Tija katika takwimu za taifa si magunia. Ni thamani kwa fedha, ikigawanywa kwa idadi ya watu wanaofanya kazi hiyo. Na kwa kanuni ya hesabu hizo, thamani ya shamba ni ile bei anayoipata mkulima. Kinachoongezeka baada ya hapo kinaandikwa kwenye daftari la mwingine, usafirishaji chake na biashara chake. Sasa turudi kwenye gunia la yule mama. Tuseme lina kilo 130 na amelipwa kama la kilo 100. Zile kilo 30 hazikupotea njiani. Zilipanda lori, zikashushwa sokoni Dar es Salaam, zikauzwa kwa ndoo na kwa sado, zikaingia kwenye pato la taifa kama kawaida. Ila ziliingia kwa jina la biashara. Viazi vilivyopandwa, vikapaliliwa na kuchimbwa na mkono wa mama huyo vimegeuka ushahidi kwamba mfanyabiashara ana tija na yeye hana. Kisha anasimama mtu ukumbini, anasoma jedwali, anatwambia mama anabebwa.

Na mambo hayaishii kwenye jedwali. Bei ndogo inamfanya mkulima aonekane hana tija. Akishaonekana hana tija, bei ndogo inakuwa halali, maana nani ajisumbue kumpa bei nzuri mtu asiyezalisha? Kila upande wa hoja unaegemea mwenzake na hakuna unaosimama wenyewe. Mwanafunzi wa mantiki angepewa sifuri kwa hoja kama hiyo. Mchumi anapewa maikrofoni.

Niliposema hivi baada ya mjadala, jibu lilikuja haraka: lumbesa ni kijambo kidogo, huwezi kujenga nadharia juu ya kichuguu cha viazi. Haya, tuiache lumbesa. Mwaka 1976 vyama vya ushirika nchini vilivunjwa na mamlaka za mazao zikawa ndizo mnunuzi, kwa bei iliyopangwa na serikali, huku sembe ya mjini ikiuzwa kwa ruzuku hadi 1984. Robert Bates, katika kitabu chake cha mwaka 1981, alionyesha jinsi bodi za mazao katika nchi nyingi za Afrika zilivyogeuka njia ya kumkamua mkulima ili mjini pakae shwari. Na kabla yake Azimio la Arusha, mwaka 1967, lilikuwa limeshaonya kwamba mikopo ya nje inayotumika mijini hulipwa kwa jasho la mkulima, na kwamba tusipoangalia unyonyaji halisi utakuwa wa watu wa mjini kuwanyonya wa vijijini. Kwa hiyo kichuguu kile si kijambo kidogo. Ni tabia ya zamani iliyobaki baada ya bodi kupunguziwa meno.

Halafu mtazame mkulima wa pamba wa Marekani. Mwaka 2003 Benin, Burkina Faso, Chad na Mali zililalamika mbele ya Shirika la Biashara Duniani kwamba ruzuku za nchi tajiri zinashusha bei ya pamba na kuwaumiza wakulima wao. Mkulima yule wa Marekani alikuwa anabebwa kweli, tena kwa fedha za bajeti, na vitabu vinamtaja kama mfano wa tija. Huyu wetu aliyebeba wengine miaka yote ndiye anayeambiwa amebebwa.

"Lakini analima kwa jembe la mkono!" Hili ndilo linalonichosha kuliko yote, kwa sababu lina ukweli ndani yake na linatumika kufunika uongo. Ni kweli mahindi yetu hutoa wastani wa tani moja na nusu hadi mbili kwa hekta, na Wamarekani wanavuka kumi. Hiyo ni tija ya kilo, nami naikubali. Lakini kijana hakuzungumzia kilo. Alizungumzia mgawo wa pato, yaani fedha, kisha akaturukia na jembe alipobanwa. Na hata jembe lina historia yake. Mwaka 2006 viongozi wa Afrika walikubaliana Abuja kufikia kilo 50 za virutubisho vya mbolea kwa hekta, na Tanzania bado iko mbali na hapo. Mbolea inanunuliwa na nini kama si fedha ya gunia la msimu uliopita? Theodore Schultz aliandika mwaka 1964 kwamba mkulima maskini si mjinga, anatumia vizuri kile alicho nacho, tatizo ni kwamba alicho nacho ni kidogo. Arthur Lewis, miaka kumi kabla yake, aliona vijijini watu wa ziada wanaoweza kuondoka bila mavuno kupungua. Mwaka 1979 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi, kwa pamoja. Labda nayo kamati ilishindwa kuamua.

Niruhusiwe kidogo hapa niingie kwenye vipimo, maana ndiyo sehemu ninayoipenda. Pwani yetu ilipima nafaka kwa kibaba, vibaba vinne vikawa pishi, na mizigo mikubwa ikaenda kwa frasila, kama kilo 16 hivi. Kulikuwa na kibaba cha mfuto, kilichofutwa juu kikawa sawasawa, na kibaba cha tele, kilichojazwa mpaka kikafanya kilele. Tofauti ya kile kilele ni chakula cha mtu. Mwanahistoria wa Poland, Witold Kula, alikusanya habari za namna hiyo kutoka Ulaya nzima: mabwana waliopokea nafaka kwa kipimo cha tele na kuitoa kwa kipimo cha mfuto, wakulima waliojua hasara hiyo na hawakuwa na pa kuipeleka. Wafaransa walipoandika malalamiko yao mwaka 1789, moja ya mambo yaliyojirudia kutoka vijijini ni kuomba kipimo kimoja kwa wote. Sheria ya mfumo wa metriki ikatoka mwaka 1795. Tumezoea kuamini kilo ilizaliwa maabara kwa ajili ya sayansi, kumbe nyuma yake kulikuwa na ugomvi wa mkulima na bwana wake juu ya kilele cha nafaka. Nasi kilo tunayo, tunaifundisha darasa la tatu, na Njombe bado wanauza kwa kilele.

Wanaonipinga kwa haki wapo. Maskini wa mjini naye anahitaji chakula cha bei nafuu. Hakuna nchi iliyotajirika huku theluthi mbili ya watu wake wakibaki shambani. Bei ya amri nayo haimwokoi mkulima sikuzote: Novemba 2018 serikali iliamua kununua korosho yote kwa Sh 3,300 kwa kilo na kutuma jeshi kuisomba, na wengi walisubiri malipo yao miezi kadhaa.

Hapo kwenye maskini wa mjini na nchi kutajirika ndipo ninapokwama. Kama viwanda vinahitaji mtaji, na mtaji hauna pengine pa kutoka ila shambani, basi kuna kizazi lazima kilipwe pungufu ili kingine kiinuke? Japani ya Meiji ilifanya hivyo waziwazi kwa kodi ya ardhi ya mwaka 1873. Ilikua. Lakini kodi ina risiti, na mwenye risiti anaweza siku moja kudai shule, barabara au kura. Aliyechukuliwa kilo 30 bila kuandikwa popote atadai nini, na kwa nani? Na uchumi unaokua kwa kilo zisizoandikwa, umekua, au umehamisha tu mali kutoka mkono mmoja kwenda mwingine na kuuita uhamisho huo maendeleo? Nimelizungusha swali hili kila upande na sijalipatia jibu linalonitosha.

Bajeti ya Wizara ya Kilimo ilipanda kutoka Sh bilioni 294 mwaka 2021/22 hadi Sh bilioni 954 mwaka uliofuata, na hilo ni jema. Ombi langu kwa wachumi ni dogo kuliko bilioni hizo. Kabla hamjatusomea tena ile robo, tuhesabieni upya mgawo wa shamba kwa kilo zilizotoka shambani, si kwa magunia yaliyolipwa, mtuwekee tarakimu hizo mbili kwenye ukurasa mmoja. Huenda tofauti ikawa ndogo na yule kijana akawa na haki. Nitaikubali, mradi imepimwa.