Mpilipili Uliopandwa na Ndege

Wasomaji wetu wa Mapera na Umatengo wote waujua mpilipili wa pilipili kichaa, uotao wenyewe nyuma ya jiko penye majivu, wenye vitunda vyembamba vielekeavyo juu. Ukimwuliza mwenye nyumba, Nani aliyeupanda? atajibu, Ndege. Jibu hilo ni la kweli kabisa. Ukali wa pilipili huwaunguza wanyama, bali ndege hausikii. Panya huzisaga mbegu kwa meno. Ndege hana meno, humeza nzima, akatua juu ya ua, akaziangusha. Mwaka 2001 wataalamu Joshua Tewksbury na Gary Nabhan walieleza ya kuwa mbegu zilizoliwa na panya hazikuota, na zilizoliwa na ndege ziliota. Basi ukali ule ni bawabu: humfukuza mharibifu, humkaribisha mpanzi. (Twaiita ya mwitu, lakini asili yake ni Amerika, Wareno waliieneza ng'ambo ya bahari baada ya mwaka 1492.)

Swali letu ni hili: kitu ambacho mtu hakukipanda, ni chake? Maadamu pilipili ni ya kuungia mboga tu, hakuna aulizaye. Mtoto wa jirani huingia, huamkia, huchuma kiganja kimoja, huenda zake. Lakini siku apitapo mnunuzi mwenye mizani, mambo hugeuka, na watoto walioamkiana jana hufukuzana.

Wengine husema, Ardhi ni yangu, na kiotacho juu yake ni changu. Neno hili lina nguvu kwa mahindi ya ngoro, maana mtu ameinama mchana kutwa akilaza majani na kuyafukia. Lina nguvu pia kwake aliyezisia mbegu za pilipili kitaluni, akangoja majuma mawili matatu zichipue, akahamisha miche wakati wa mvua, akachuma kitunda kimoja kimoja, macho yakimwasha. Amchumiaye huyo bila ruhusa ni mwizi. Lakini kwa mpilipili wa ndege mwenye ua amefanya nini? Alipopalilia, aliupisha jembe. Hilo nalo ni kazi, wala hatulidharau.

Kwa hiyo twaona ya kuwa haki ya kwanza ni yake: auze za kuuza. Lakini haki hiyo haifiki hata kumnyima jirani pilipili za chungu kimoja. Labda atamjibu kwa mithali, Pilipili usiyoila yakuwashiani? Lakini jirani huyu huila, tena kila siku. Ina haki ya kumwasha.

Na mpilipili ulioota mpakani? Nyumba mbili na zipokezane kuchuma, juma kwa juma. Wako washaurio ukatwe, ugomvi uishe. Shauri hilo ni bure. Ndege atausia tena, labda hatua tatu upande wa pili.