Je, Aliye Mbali na Vita Aweza Kuhukumu?

Wazee wetu walituachia methali nyingi za kumzuia mtu asijitie katika mambo ya wengine. Moja yasema, Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nyingine yauliza, Pilipili usiyoila yakuwashiani? Ya kwanza yamwambia aliye mbali kwamba hajui. Ya pili yamwambia kwamba hayamhusu. Nataka leo tuzipime methali hizi mbili kwa habari ya vita vya Israeli, maana ni vita ambavyo sisi tulio mbali tumevisema sana, na yamkini tumevisema vibaya.

Nianze kwa kuungama kosa langu. Mwezi wa Oktoba mwaka 2023, Jumapili moja baada ya ibada, tulikaa chini ya mwembe tukisikiliza redio. Tarehe 7 ya mwezi ule wapiganaji wa Hamas walikuwa wametoka Gaza wakaingia Israeli, wakaua watu wapatao 1,200, wengi wao si askari, wakachukua mateka 251. Na majeshi ya Israeli yalikuwa yameanza kuipiga Gaza kwa ndege. Mzee mmoja akasema kwamba Israeli ni taifa teule, na kila apigwaye nalo amestahili. Kijana mmoja akamjibu kwamba waliouawa siku ile walivuna walichopanda. Nami mwalimu, niliyepaswa kuwatuliza, nikashika upande, nikahesabu wafu wa upande wa pili kama mtu ahesabuye mabao ya mpira. Tena tulicheka.

Palikuwapo mama mmoja mjane, ambaye mwanawe alikuwa askari, akafa vitani katika nchi ya jirani. Aliinuka, akakunja mkeka wake, akaenda zake bila kuaga. Kesho yake nilikwenda kumwamkia. Alinipokea vizuri, akanipa kiti, kisha akasema: “Mwalimu, siku ile mwanangu aliporudishwa ndani ya sanduku, huenda mahali fulani walikuwako watu wamekaa kivulini, wakimhesabu kama mlivyohesabu ninyi jana.” Sikuwa na neno la kumjibu.

Tangu siku hiyo nimejiuliza: je, ilitupasa kunyamaza kabisa? Au liko neno ambalo mtu wa mbali aweza kulisema bila kutenda dhambi?

Kwanza tuondoe kosa moja. Sisi Wakristo jina la Israeli tumelipata katika Kitabu, nasi tukilisikia redioni twamwona Yoshua na Daudi. Lakini dola ya Israeli ya leo ilianzishwa mwaka 1948, nayo ina watu wapatao milioni 10. Katika kila watu watano, mmoja ni Mwarabu, awe Mwislamu, au Mkristo, au Mdruzi. Wamo washikao dini sana na wasioishika kabisa; wamo watakao vita na wavichukiao. Mwaka 2024 maelfu ya watu walijaa barabara za Tel Aviv, Jumamosi baada ya Jumamosi, wakiitaka serikali yao ifanye mapatano ili mateka warudi. Basi asemaye, “Waisraeli wanataka hivi,” bado hajasema kitu.

Katika watu hao nimchague mmoja, David Grossman, mwandishi wa vitabu, aliyezaliwa Yerusalemu mwaka 1954. Tarehe 12 Julai 2006 wapiganaji wa Hizbullah walivuka mpaka kutoka Lebanon, wakaua askari wa Israeli na kuteka wawili; vita vikaanza. Grossman aliona kwamba nchi yake ina haki ya kujilinda, maana makombora yalikuwa yakiangukia miji ya kaskazini. Lakini vita vilipozidi kupanuka, aliona ya kuwa haki ile imefika mpaka wake. Tarehe 10 Agosti yeye na waandishi wenzake wawili, Amos Oz na A. B. Yehoshua, walisimama mbele ya watu wa magazeti wakaisihi serikali isimamishe vita. Siku mbili baadaye mwanawe Uri, kijana wa miaka 20, aliuawa kusini mwa Lebanon, kifaru chake kilipopigwa kwa kombora. Siku mbili tena, tarehe 14, vita vikasimamishwa. Watu zaidi ya 1,000 wa Lebanon walikuwa wamekufa, wengi wao raia, na wapatao 160 wa Israeli.

Kama yuko mtu tungaliyemruhusu achukie, ndiye baba huyu. Lakini mwezi wa Novemba mwaka ule ule alisimama Tel Aviv mbele ya umati mkubwa, uliokutanika kumkumbuka Yitzhak Rabin, waziri mkuu aliyeuawa mwaka 1995 na Myahudi mwenzake kwa kuwa alitafuta mapatano na Wapalestina. Grossman hakudai kisasi. Aliwakemea wakuu wa nchi yake kwa uongozi mtupu, akawataka waseme na Wapalestina. Na juu ya msiba wake mwenyewe alisema kwamba haumpi cheo chochote katika mashauri ya watu wote.

Ndugu msomaji, lifikiri neno hili. Aliyelala katika kitanda kile, akaumwa na kunguni wake, akiri kwamba maumivu yake hayamfanyi kuwa mwamuzi. Nasi tusiolala humo hata usiku mmoja twajifanya waamuzi kwa kusikiliza redio nusu saa!

Baada ya tarehe 7 Oktoba 2023 mtu huyo huyo aliandika kwa uchungu juu ya waliouawa na waliotekwa, wala hakuyapunguza maovu waliyotendewa. Kisha vita vya Gaza vikaendelea miaka miwili, hata wizara ya afya ya Gaza ikahesabu wafu zaidi ya 60,000, na miongoni mwao wanawake na watoto wengi. Mwezi wa Agosti mwaka 2025 aliliambia gazeti moja la Italia kwamba, kwa moyo uliovunjika, amelazimika kuyaita mambo ya Gaza mauaji ya kimbari. Serikali yake yalikana neno hilo kabisa. Mimi simtaji ili kulithibitisha. Kazi ya kulipima neno zito kama hilo ni ya mahakama. Namtaja kwa sababu ya namna alivyolisema. Alilisema kama mtu atoaye habari ya ugonjwa wa mama yake, si kama mtu ashangiliaye kuanguka kwa adui. Iko hukumu itokayo katika mapenzi, na iko hukumu itokayo katika furaha. Maneno yaweza kuwa yale yale, lakini matunda yake hayafanani.

Sasa tumwazie mtu kama huyu anapozisikia sauti za ng’ambo. Wako wamchukiao, na kwao kila Myahudi, hata mtoto wa shule mjini London, ana hatia ya kila bomu. Wako wampendao, lakini wapenda jina lake tu: wamtaka awe askari wa kutimiza unabii, apigane huku wao wakitazama, wala hawamwulizi kama yu tayari kumzika mwanawe. Wa kwanza wamnyima haki ya kuishi. Wa pili wamnyima haki ya kuonywa akosapo. Wote wawili hawamwoni. Na Mpalestina naye yu katika hali iyo hiyo. Kwa wengine kila mtu wa Gaza ni mwuaji, hata mtoto mchanga. Kwa wengine ni bendera tu ya kupeperusha, nao hawajui hata jina la kijiji walikotoka babu zake.

Wala mtu asidhani ya kuwa chuki ya watu wa mbali haina meno. Mwezi wa Oktoba mwaka 2023, karibu na Chicago, mtoto wa miaka 6 wa jamaa ya Kipalestina aliuawa kwa kisu na mwenye nyumba waliyopanga, kwa ajili ya hasira ya vita vile. Mwezi wa Mei mwaka 2025, mjini Washington, vijana wawili waliofanya kazi katika ubalozi wa Israeli walipigwa risasi wakafa, walipokuwa wakitoka mkutanoni. Hapana hata mmoja wa hao watatu aliyerusha kombora. Watu wa mbali walikuwa wameshika upande, na wengine katika hao wakashika silaha.

Hapo twaweza kuijibu methali ya pilipili. Je, mambo haya hayatuhusu? Siku ile ya tarehe 7 Oktoba wamo vijana wawili Watanzania waliouawa. Walikuwa wamekwenda Israeli kujifunza kilimo, ili warudi na maarifa nyumbani. Mwili wa mmoja wao ulikaa Gaza miaka miwili na zaidi, hata ukarudishwa mwezi wa Novemba mwaka 2025. Wazazi wake walingoja muda wote huo pasipo kaburi la kupalilia. Basi pilipili ile ilikuwa imeota uani petu, nasi tulidhani iko shamba la watu.

Huenda msomaji akasema: “Kumbe mwalimu atutaka tunyamaze, au tuseme ya kuwa wote ni sawa.” Hasha! Kuua mtoto ni uovu, awe amelala katika nyumba ya mpakani au katika hema la Gaza. Kuteka mzee ni uovu, na kumnyima mwenye njaa chakula ni uovu. Mambo hayo mtu wa mbali aweza kuyasema wazi, na tena yampasa ayaseme, kwa kuwa aliye ndani ya moto mara nyingi hana pumzi ya kusema. Wala kulia pande zote mbili si kuzifanya dhambi zote kuwa na uzito mmoja. Hakimu mwenye machozi aweza bado kushika mizani. Ninalolikataa ni kufurahi. Afurahiye kifo, hata kama ameshika upande wenye haki, ameitupa mizani yake.

Wakumbukeni rafiki za Ayubu. Walitoka mbali, wakaketi naye chini siku saba bila kunena, na siku hizo saba walikuwa rafiki wa kweli. Walipoanza kumweleza sababu za msiba wake, hapo ndipo walipokosa. Na katika siku zetu Papa Fransisko, tangu vita vilipoanza hata karibu na kufa kwake mwaka 2025, alikuwa akipiga simu karibu kila jioni kwa parokia ndogo ya Katoliki iliyoko Gaza, kuuliza hali ya watu waliokimbilia humo na kama wamekula. Pia hakuacha kuomba mateka wa Israeli warudishwe kwao. Alikuwa mbali kama sisi. Hakuweza kuzuia bomu hata moja, lakini aliuliza kama watu wamekula.

Yule mama mjane bado huja ibadani, naye hukaa mahali pake pale pale. Jumapili moja nilipopewa zamu ya kuomba, niliwaombea akina mama wa Israeli waliofiwa, na akina mama wa Gaza waliofiwa, kwa pumzi moja. Mzee wetu wa chini ya mwembe hakuitika amina. Mama yule aliitika. Tulipotoka nje alinipa mkono, akaniuliza habari za watoto wangu, tukatembea pamoja mpaka njia panda.