Igeni Mchana, Msiibe Usiku

Ndugu zangu wapiga picha wa Bukoba na Muleba, ninyi wenye studio na ninyi wa kamera ya kuazima, ninyi mnaoiwahi harusi ya Kamachumu kwa bodaboda, begi mgongoni na stendi ya kamera mapajani, nawaandikia kwa uchungu na kwa upendo, na sitazunguka. Kati yetu kuna wizi. Umezoeleka hadi umepewa majina mazuri. Mtu anachukua kazi ya mwenzake, anasema "nimevutiwa tu". Anasema picha ikishaingia mtandaoni ni ya wote. Nasi tunamsikiliza, tunampa kazi, tunamkaribisha meza ya mbele.

Mtume Paulo, katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 11, aliwataka watu wamwige. Hakuona haya kuigwa. Lakini angalieni alivyofanya: hapohapo, kabla hajavuta pumzi, alimtaja Yule ambaye yeye mwenyewe alikuwa akimwiga. Sasa fungueni Yeremia 23, mstari wa 30. Hapo Bwana anasimama kinyume cha manabii waliokuwa wakichukua maneno kwa jirani zao na kuyatangaza kama ufunuo wao wenyewe. Kwa nje kazi ni ileile. Huyu anarudia alichopokea, na yule anarudia alichopokea. Mmoja ni mtume, mwingine ni mwizi, na kinachowatenga ni kwamba mmoja alitaja na mwingine akaficha.

Kwa hiyo asije mtu akawatisha vijana kwamba kuiga ni dhambi. Si dhambi! Katika Kutoka 31 Mungu alimwita Bezaleli kwa jina lake, akataja na baba yake na babu yake na kabila lake, akamjaza roho ya ufundi. Ukifika sura ya 35 unaona kwamba aliwekewa pia moyo wa kufundisha, yeye na Oholiabu. Fundi anafundishaje asipoigwa? Mwanafunzi hutazama mkono wa bwana wake, akaurudia, akakosea, akaurudia tena. Kule Zanzibar, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na mwanawe Rohit akaja kuiendeleza. Mtoto alijifunza kwa baba na akabaki chini ya jina lilelile la studio. Nani atathubutu kusema alimwibia?

Igeni basi. Igeni mwanga wa mwenzenu na uvumilivu wake. Igeni anavyomsogelea bibi mzee bila kumtisha, na anavyongoja mama wa bwana harusi amalize kufuta machozi ndipo abonyeze. Sheria ya nchi nayo imewaachia uhuru huo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, hailindi wazo wala mbinu. Hakuna mtu wa Bukoba anayemiliki kupiga bibi harusi dhidi ya dirisha, wala kugeuza kila kitu cheusi na cheupe akaacha ua moja jekundu.

Lakini sheria hiyohiyo inailinda picha yenyewe. Inaitaja miongoni mwa kazi zenye haki, na haki hiyo inazaliwa pale pale picha inapozaliwa. Wako wanaodhani picha isiyopelekwa COSOTA, ofisi ya hakimiliki, haina mwenyewe. Wanajidanganya. Usajili ni ushahidi mzuri siku ya ugomvi, lakini haki inatangulia usajili. Tanzania iliingia katika Mkataba wa Berne wa hakimiliki mwaka 1994, na msingi wa mkataba huo ni huo huo. Tena haki ya mpiga picha si ya fedha peke yake. Anayo haki ya kutambuliwa kuwa ndiye aliyeifanya kazi, na haki ya kukataa kazi yake isikatwekatwe ikaharibiwa. Hata pale sheria inaporuhusu kunukuu kidogo kazi ya mtu, inadai chanzo kitajwe na jina la mtunzi litajwe. Mnaona? Sheria ya Bunge na Yeremia wanadai kitu kimoja.

Niwaambie nilichokiona kwa macho yangu. Tulikuwa kwenye kikao cha kamati ya harusi Muleba. Kijana mmoja mpiga picha alikuja kuomba kazi, akaipitisha simu yake mkono kwa mkono ili tuone sampuli. Ilipofika kwangu niliiona picha ninayoijua. Bibi harusi amepiga magoti juu ya nyasi mbichi zilizotandazwa sebuleni, na shangazi yake anamnyooshea kijikapu cha akamwani, kahawa yetu ya kutafuna. Picha hiyo niliiona kabla, ikiwa imesafishwa na kutiwa fremu, nyumbani kwa familia yenyewe. Aliyeipiga ni dada mmoja wa Bukoba, na jina lake lilikuwa pembeni chini, kulia, kwa herufi ndogo nyeupe, jirani kabisa na kijikapu. Kwenye simu ya yule kijana jina halikuwepo. Na ili jina liondoke, kona nzima ilikuwa imekatwa. Kijikapu kimekwenda. Vidole vya shangazi vimekatikia kwenye vifundo, mkono unaning'inia hewani haumpi mtoto kitu.

Mtu wa Kagera hahitaji kuelezwa uzito wa akamwani mkononi mwa shangazi siku kama hiyo. Picha yote ilikuwa pale! Dada yule alingoja sekunde ile, akainama, akaupata mkono wa kutoa na mkono wa kupokea. Mwizi aliona herufi ndogo nyeupe tu. Nikamwuliza, "Mwanangu, hii umeipiga wapi?" Akajibu, "Kwa ndugu zangu huko, mzee." Mwenyekiti wetu, Ta mwenye mvi na busara, akanitazama, nami nikamweleza. Kazi hakuipata. Lakini ni kamati ngapi zimempa yeye na wenzake? Na ni arbuni ngapi za dada yule zimeliwa na watu waliolikata jina lake?

Yeremia 22, mstari wa 13, analia juu ya mtu anayemtumikisha jirani yake bila kumpa ujira. Mpiga picha anayeonyesha kazi ya mwenzake ili apate mteja amemtumikisha mwenzake bure. Amempeleka sokoni bila yeye kujua, amemsimamisha amnadie biashara, na fedha ameweka mfukoni mwake.

Hapo jambo liko wazi. Sasa twende penye ukungu, kwa maana najua swali lenu: "Je, nikipiga mwenyewe, kwa kamera yangu, picha inayofanana na ya mwenzangu?"

Bukoba iko magharibi mwa ziwa, jua linachomoza majini, nyuma ya kisiwa cha Musira. Kila mtu mwenye simu ameipiga picha hiyo, na kila mtu ana haki nayo, kwa sababu Musira ni ya Mungu na jua ni lake. Lakini tuseme mwenzako amekaa ufukweni asubuhi nyingi mpaka akaona kwamba ukichuchumaa penye jiwe fulani, mtumbwi ukiingia kutoka kushoto, mvuvi akisimama kusukuma pondo, kichwa chake kinaingia sawasawa katika mwanya kati ya kisiwa na wingu. Ameipiga. Imetoka kwenye kalenda. Wewe unaifungua kwenye simu, unaishika mkono mmoja, unachuchumaa jiwe lilelile, unamlipa mvuvi asimame vilevile, avae shati la rangi ileile, kisha unaipeleka kwa mteja yuleyule kwa bei ya chini. Hujanakili faili. Umeuchukua uamuzi wake wote, mmoja baada ya mwingine.

Waingereza walilifikisha jambo hili mahakamani. Picha ya basi jekundu likipita daraja la Westminster, na London yote nyuma yake ya kijivu, ilikuwa ikiuzwa kwenye zawadi za watalii. Kampuni moja ya majani ya chai, iliyoijua picha hiyo, ikatengeneza ya kwake: basi jekundu, daraja, mji wa kijivu, mbingu nyeupe. Mwaka 2012 Jaji Colin Birss alikiri kwamba shauri lilikuwa gumu, kisha akaamua kwamba haki imevunjwa, ingawa hakuna aliyemiliki basi wala daraja. Wamarekani nao, mwaka 2018, mahakama ya rufaa iliamua upande mwingine. Jacobus Rentmeester alimpiga picha Michael Jordan mwaka 1984 akiruka angani miguu imetanuka, Nike wakaja wakapiga ya kwao inayokaribiana, na mahakama ikasema mruko hauna mwenyewe, na mpangilio wa picha hizo mbili haukufanana vya kutosha.

Majaji wetu hawafungwi na hukumu hizo. Ila mtu anayetembea huku akipima ni umbali gani anaweza kumsogelea mwenzake bila kushtakiwa amekwisha kupotea, hata akishinda kesi. Wahaya tunajua habari ya mpaka wa kibanja. Mulamula, mmea wa kuonyesha mpaka, umepandwa pale, umeota, na mwenye nia mbaya hauchomi moto. Anausogeza usiku, hatua moja mwaka huu, hatua nyingine mwaka ujao. Kumbukumbu la Torati 27 limemlaani mtu huyo, na watu wote wakaitikia amina. Haikuandikwa kwamba hatua moja inasameheka.

Basi jiulizeni swali moja, tena kwa sauti: "Je, ninaweza kumwonyesha yeye picha hii, nikamwambia, nimejifunza kwako?" Ukiweza, piga, chapa, uza, na Mungu akubariki. Ukiona moyo unasita, ukitamani asiione, moyo umekwisha kuhukumu kabla ya hakimu. Nanyi ndugu zetu Waislamu mnaotusoma, mnaijua sura inayoonya wapunjao vipimo. Na hii nayo ni mizani.

Kuna jambo jingine linaniuma, na ni la mji wetu. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilianguka ziwani, karibu kabisa na uwanja wetu, ikiwa na watu 43, na 19 wakapoteza maisha. Picha za mkia wake juu ya maji zilizunguka dunia. Nyingi zilitufikia bila jina lolote, zimepita simu hadi simu, kurasa hadi kurasa. Aliyekuwa ufukweni asubuhi ile aliacha ushahidi kwa ajili ya wafu na kwa ajili ya wavuvi waliokimbilia kuokoa. Kumtaja ni sehemu ya ukweli wa habari, maana picha isiyo na mwenyewe haina wa kuulizwa ilipigwa lini na wapi. Na sasa zimekuja programu za kutengeneza picha "kwa mtindo wa fulani" kwa kubonyeza tu. Swali langu kwenu halibadiliki: fulani huyo anajua?

Najua njaa iliyopo. Kijana wa Muleba hana sampuli, na asiye na sampuli hapati harusi, na asiyepata harusi hapati sampuli. Sikubezi, mwanangu. Lakini njia ipo. Nenda gulioni Kamachumu, waombe wamama ruhusa, upige mikono yao juu ya mikungu ya ndizi. Mpige picha bibi yako mlangoni kwake jua la jioni likimfikia. Mfuate mpiga picha aliyekutangulia, umbebee taa, uombe ruhusa kwa maandishi ya kuonyesha picha chache ulizopiga ukiwa msaidizi wake, na chini uandike hivyo. Sampuli tano zako halisi zina heshima kuliko hamsini za kuokota.

Nanyi wakubwa wenye studio, msijitoe katika mahubiri haya. Mmewatuma vijana kupiga harusi nzima, kisha mkabandika nembo ya studio juu ya kazi yao bila kuwataja hata siku moja. Mnalia mkiibiwa, nanyi mmeibia waliomo nyumbani mwenu. Andikeni makubaliano kabla ya kazi: picha ni za nani, nani atatajwa, nani ataziuza tena. Ukurasa mmoja wenye sahihi unatosha.

Akina Ta na akina Ma wa kamati za harusi, nanyi mnashika upanga katika vita hivi. Kabla ya kutoa arbuni, mwambieni mpiga picha alete picha zote za harusi moja, tangu asubuhi mpaka keki, siyo nzuri kumi zilizochaguliwa. Mwizi ana picha moja ya bibi harusi. Hana ya mjomba aliyesinzia wala ya watoto jikoni. Mwombeni awafungulie faili la asili kwenye kamera au kompyuta, lile lisilokatwa, lenye tarehe na saa ndani yake. Mwenye kazi yake atalifungua kwa furaha.

Na wewe ambaye umesoma mpaka hapa na moyo unadunda kwa sababu picha ile bado iko kwenye ukurasa wako: Zakayo hakungoja kushtakiwa. Alisimama mbele ya watu akasema atarudisha mara nne. Ishushe leo, kabla hujala. Kisha mpigie simu mwenyewe, usimwandikie ujumbe, mpigie asikie sauti yako. Mtajie ni picha gani na ilikupatia kazi gani. Muulize unamlipa kiasi gani, na akikutajia, usipunguze.