JE, UPANGA WA VITA UWEKEWE MAHALI PA HESHIMA?



Tuchukue mfano. Mzee mmoja katika mtaa wa Kanisa, iwe Iringa au Mbeya, amefariki katika uzee mwema. Baada ya arobaini watoto wanagawana vitu vyake, na chini ya kitanda wanakuta gunia. Ndani yake mna upanga wa afisa wa kizungu, wa zamani za vita, mpini wake wa shaba na ala yake ya ngozi. Babu yao aliupata wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mtoto wa kwanza anasema uuzwe. Wa pili anasema utupwe mtoni, maana ni chombo cha damu. Wa tatu anataka kumwendea fundi seremala atengeneze kiweko kizuri cha mbao, upanga ukae sebuleni, wageni wauone.

Huyu wa kwanza tumjibu kwa ufupi. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 imeweka masharti juu ya vitu vya kale, hivyo na awaulize wahusika kwanza kabla ya kumpokea mnunuzi. Lakini wa pili na wa tatu wanabishana juu ya jambo zito zaidi. Je, ni halali Mkristo akitengenezee chombo cha kuulia mahali pa heshima nyumbani mwake? Na fundi aliye Mkristo aikubali kazi hiyo?

Tuanze na Maandiko, maana jambo hili si geni humo. Daudi alipomkimbia Sauli alifika Nobu kwa kuhani Ahimeleki, akaomba silaha. Kuhani hakuwa na silaha ila moja: upanga wa Goliathi, umefungwa ndani ya nguo, nyuma ya naivera (1 Samweli 21). Basi hata nyumba ya Mungu iliwahi kutunza upanga! Lakini angalieni ulivyotunzwa. Haukuning'inizwa mlangoni ili watu waushangilie. Ulikuwa ushuhuda wa jinsi Bwana alivyookoa, nao ulifunikwa. Tena angalieni mwisho wake. Daudi aliuchukua ukatoka tena kwenda vitani, na Sauli alipomshtaki Ahimeleki alitaja mkate na upanga huo. Siku ile makuhani 85 wakauawa kwa mkono wa Doegi. Silaha iliyohifadhiwa bado ni silaha.

Mfano wa pili ni ile nyoka ya shaba. Musa aliitengeneza kwa amri ya Mungu, akaiweka juu ya mti, na waliotazama wakapona. Miaka mingi baadaye watu walikuwa wakiifukizia uvumba, na mfalme Hezekia akaivunja vipande vipande (2 Wafalme 18). Kitu kilikuwa kile kile. Kilichobadilika ni mioyo ya waliosimama mbele yake. Kwa hiyo swali letu lisiwe tu, "Kitu hiki ni kizuri au kibaya?" Tuulize pia, "Kimewekwa namna gani, na kinamfundisha nini anayekitazama?"

Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tuna somo hili karibu na milango yetu. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, Wahehe walilishambulia jeshi la Wajerumani na kumwua kamanda wake, Emil von Zelewski, pamoja na askari wengi, wakateka bunduki nyingi. Mwaka 1894 Wajerumani wakaivunja ngome ya Kalenga. Mwaka 1898 Mtwa Mkwawa akajiua kwa bunduki kuliko kutekwa, na kichwa chake kikakatwa. Mkataba wa Versailles wa 1919, katika ibara ya 246, uliitaka Ujerumani ikirudishe, lakini haikufanya hivyo. Ni mwaka 1954 tu ambapo Gavana Twining alilileta kutoka makumbusho ya Bremen fuvu lililokubaliwa kuwa ni la Mkwawa, nalo liko Kalenga hadi leo.

Fikirini jambo hilo. Kule Bremen lilikuwa fuvu moja katika mkusanyiko wa mafuvu mengi, kitu cha kupimwa. Kalenga ni kichwa cha mtu mwenye jina, ukoo na wajukuu. Mfupa ni ule ule. Mahali ulipowekwa ndipo palipougeuza kutoka nyara ya ushindi kuwa mzee wa watu. Kumbe kiweko si ubao tu. Kiweko ni maneno.

Sasa turudi kwenye upanga wetu. Mara nyingi bapa la upanga wa afisa limechorwa mapambo, pengine hata herufi za jina la mwenyewe. Upanga unamkumbuka bwana wake vizuri sana. Lakini je, waliombebea mizigo? Vita ile ilipopita katika nchi yetu, na Waingereza walipoingia Iringa Agosti 1916, chakula, risasi na masanduku ya maafisa vilibebwa vichwani na mabegani mwa wapagazi. Walikufa kwa njaa, kuhara damu na uchovu njiani. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri wazi kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda kufikia 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina yao katika kumbukumbu za vita ile, au hawakukumbukwa kabisa. Mwenye upanga ana jina kwenye chuma. Aliyemchukulia sanduku lake hana hata kwenye jiwe.

Hapo ndipo naona jibu. Yule mtoto wa pili ana haki kuogopa, lakini akiutupa upanga mtoni hatafuta damu iliyomwagika. Atafuta ushahidi wake. Naye wa tatu ana haki kuutunza, lakini akiuweka juu kwa fahari tu, atakuwa anaendelea kumtumikia yule afisa. Njia ya haki ni kutunza, ila kiweko kiseme lile ambalo upanga hausemi.

Kwa hiyo fundi na aikubali kazi, na aifanye vyema. Achague mbao iliyokauka sawasawa, mninga kwa mfano, au hata msindano wa Sao Hill, maana mbao mbichi itapinda. Kitako kiwe kipana na kizito, kisianguke mtoto akikigusa. Juu yake asimamishe vibao viwili, kila kimoja na mkato wa kuulaza upanga, na miguu yake ishikwe kwa ulimi na tundu kuliko misumari, ili kichwa cha msumari kisikwaruze chuma. Ndani ya mikato atandike kitambaa laini cha sufu. Upanga usikae ndani ya ala ya ngozi, kwa kuwa ngozi huhifadhi unyevu, na masika yetu hayana huruma na chuma; ala ilazwe kando yake. Bapa lipanguswe kwa mafuta mepesi, wala lisishikwe kwa mikono mitupu, maana jasho huleta kutu.

Hayo ni ya ufundi. Lakini kila kipimo kina fundisho pia. Kiweko kisipande juu kuliko macho: tuutazame upanga kwa kuinamisha kichwa, kama watu wanaotafakari, wala si kwa kuuinulia uso. Makali yaelekee ukutani, na ncha isimwelekee anayeketi. Usiwekwe chini ya msalaba wala karibu na picha ya Bwana kana kwamba ni ndugu. Katika makaburi mengi ya vita ya Jumuiya ya Madola kuna msalaba wa jiwe uliopigiliwa upanga wa shaba, ncha yake chini. Wapo wanaofarijika kwa alama hiyo. Lakini Bwana wetu pale Gethsemane alimwamuru Petro aurudishe upanga wake alani, naye akaenda msalabani bila huo.

Mwisho, mbele ya kitako fundi aache nafasi ya kibao kidogo, nacho kiandikwe kwa maneno rahisi: "Upanga huu ulikuwa wa afisa. Uliletwa hapa wakati wa vita. Wengi walikufa, wenye silaha na wasio na silaha. Wapagazi wengi hawakuandikwa majina. Bwana anawajua." Na kama jamaa wanajua jina la babu au ndugu aliyekwenda na hakurudi, basi jina lake lichongwe kwanza, kwa herufi kubwa kuliko za kwenye bapa.

Tena wenye nyumba wajipime kila mwaka. Kijana akisimama mbele ya upanga na kuuliza, "Watu hawa walikuwa nani?" kiweko kinafanya kazi yake. Akisimama na kusema, "Laiti ningekuwa nao mkononi," basi saa ya Hezekia imefika. Upanga na ushushwe, upelekwe makumbusho, kama yale ya Boma la Iringa, na mbao yake itengenezwe kigoda cha kukalia wageni.