Mgeni Mlangoni

Mto Kilombero ufurikapo, mtu wa mbugani hupanda huku Chita, penye ardhi kavu, akabisha hodi kwa jirani. Jirani hutandika jamvi kwanza, ndipo huuliza habari. Je, mataifa nayo yana wajibu huo?

Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria mpya: maombi ya baadhi ya wanaotafuta hifadhi yapimwe upesi huko huko mipakani. Hatukatai kwamba serikali ina haki ya kulinda mipaka yake. Lakini haki hiyo haipiti uhai wa mtu.

Ulaya yapaswa kukumbuka. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, maelfu ya Wapolandi, wengi wao wanawake na watoto, walipokewa katika nchi yetu: Tengeru, na hata Ifunda, ng'ambo ya milima hii ya Udzungwa. Makaburi yao yapo Tengeru hata leo.

Walakini tusinyoshe kidole tu. Mwaka 2014 nchi yetu iliwapa uraia Warundi wapatao 162,000, waliokimbia mwaka 1972 pamoja na wana wao. Je, Mrundi wa kambini twamsemaje? Twasema, "Tumechoka." Kuchoka si dhambi, kumsukuma mtu arudi hatarini ndiyo dhambi.

Familia Takatifu nayo ilikimbilia Misri. Aliyewafungulia mlango huko hakujua anampokea nani. Nasi hatujui.